Nafsi imejitenga au imeungana na vyote? Mitazamo mitatu bega kwa bega

Swali hili huonekana la wanafalsafa mpaka likukute mwenyewe. Hukukuta mshahara wa kwanza unapoingia kwenye simu, na kabla ya jioni jamaa wameshaanza kupiga, kila mmoja na shida yake. Hukukuta unapofiwa, watu wakakuambia marehemu bado yupo nawe, nawe hujui uwaamini kwa maana gani. Hukukuta pia unapotendewa ubaya na mtu ambaye naye alitendewa ubaya, ukabaki unajiuliza lawama ianzie kwa nani. Chini ya hayo yote kuna jambo moja: je, mimi ni kitu kamili chenye mpaka wake, au ni sehemu ya kitu kikubwa kuliko mimi?

Hapa Uganda majibu yote yanaishi mtaa mmoja. NIRA, mamlaka ya serikali ya utambulisho na usajili, itakupa namba ya utambulisho ambayo hakuna mtu mwingine anayo, na fomu hiyohiyo itakuuliza kabila na ukoo wako. Jumapili mhubiri atasema utasimama peke yako mbele ya Mungu, na Jumapili inayofuata atasema sisi sote ni viungo vya mwili mmoja. Hakosei. Ila msikilizaji anayetaka kuamua jambo nyumbani anarudi akiwa amekwama, na ndiye ninayemwandikia.

## Vipimo vyangu

Nitapima kila mtazamo kwa mambo manne. Ushahidi: unasimama juu ya nini, na unayumba wapi? Lawama: mtu akikosa, nani anajibu? Msiba: unampa nini aliyefiwa, au anayeogopa kufa? Gharama: ukiushika kwa dhati utakudai nini, na nani anaweza kuumia? Kisha nitasema unamfaa nani. Sikuweka kipimo cha faraja peke yake, kwa sababu hata uongo hufariji.

## Mtazamo wa kwanza: kila nafsi ina mpaka wake

Ushahidi. Mwaka 1637 Mfaransa René Descartes alichapisha jaribio lake la kutilia shaka kila kitu: macho yake, mwili wake, hata hesabu. Akakuta jambo moja haliondoki, kwamba yeye anayetia shaka yupo. Karne karibu nne zimepita na hoja hiyo bado ina nguvu. Jino lako likiuma usiku, daktari anaweza kuliona na kulipiga picha, lakini maumivu yenyewe ni yako tu.

Wengi huongeza ushahidi wa mwili. Ukipandikizwa figo la mtu mwingine, kinga yako hulishambulia, na utameza dawa za kuizuia kwa miaka yote utakayoishi nalo. Mwili basi unajua lipi lake na lipi la mgeni. Hoja hii mimi siiamini sana. Desemba 1954, mjini Boston, Marekani, madaktari walitoa figo kwa pacha mmoja wakampa mwenzake wa kufanana naye, na mwili ukalipokea kama lake. Watu walikuwa wawili, kila mmoja na mawazo yake na hofu yake, na kinga haikuona tofauti. Mpaka wa mwili basi hauwezi kuwa ndio mpaka wa nafsi. Kinachobaki ni kile cha Descartes, cha ndani. Nacho kinathibitisha kwamba yupo anayefikiri. Hakithibitishi kwamba angeweza kufikiri bila lugha aliyoipokea kwa wengine.

Lawama. Hapa mtazamo huu hauna mpinzani. Nabii Ezekieli alifundisha kwamba mwana hatabeba uovu wa baba yake, na Kurani inarudia mahali zaidi ya pamoja kwamba hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine. Nchi yetu imeshaona kinachotokea fundisho hilo likisahauliwa. Baada ya Idi Amin kuanguka mwaka 1979, watu wa West Nile walilipiziwa kisasi kwa sababu tu yeye alitoka upande wao, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Sudan na Zaire. Wanubi, ambao Kiswahili ni mojawapo ya lugha zao, nao walionja hayo. Mama aliyevuka mpaka na mtoto mgongoni hakuwa ameua mtu. Mbele ya mpaka ule, kusema kwamba kila nafsi inajibu ya kwake tu kulikuwa ni suala la kuishi au kufa.

Msiba. Ukiamini kwamba nafsi inaishi baada ya kaburi, mtazamo huu unakuahidi utamwona yuleyule: mama yako mwenyewe, na sauti yake. Usipoamini hivyo, unakuacha mikono mitupu. Aliyeondoka ameondoka.

Gharama. Upweke, na usahaulifu. Mtu akiamini amejijenga mwenyewe husahau karo iliyolipwa na shangazi kwa kuuza ng'ombe. Anaanza kuona kila deni la ukoo kuwa uonevu, na baadhi ya madeni hayo ni ya haki kabisa.

Unamfaa aliyemezwa na wengine: mjane anayeambiwa nyumba ni ya ukoo, binti anayechaguliwa mume, kijana anayebeba aibu ya kosa alilofanya baba yake.

## Mtazamo wa pili: mtu ni watu

Ushahidi. John Mbiti, Mkenya aliyefundisha Makerere kuanzia 1964 hadi 1974, aliuweka mtazamo huu kwa maneno yanayojulikana duniani kote: niko kwa sababu tuko, na kwa kuwa tuko, basi niko. Okot p'Bitek, mshairi wa Gulu, ambaye alimpinga Mbiti katika mengi kuhusu dini za Kiafrika, hapa alikwenda mbali zaidi. Kwake mtu hazaliwi huru. Anazaliwa akiwa tayari mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, ndugu wa fulani, na minyororo hiyo ndiyo inayomfanya awe mtu. Ukiivua yote, hakuna "mimi" atakayebaki chini yake.

Sayansi imeleta ushahidi ambao wazee wetu wasingeshangaa kuusikia. Mimba inapokua, chembe hai za mtoto huvuka kondo la nyuma na kuingia kwa mama, na baadhi hubaki humo. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani waliripoti kukuta chembe za kiume katika damu ya mwanamke miaka 27 baada ya kujifungua mtoto wa kiume. Mama aliyeachana na mwanawe kwa safari au kwa kifo anaweza kuwa bado amembeba, kwa maana ya nyama na damu.

Hata hivyo kutengenezwa na wengine ni jambo moja, na kukosa mpaka baada ya kutengenezwa ni jambo jingine. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, aliwaonya Waafrika wenzake juu ya hili: mtu huzaliwa ndani ya jamii, lakini ana akili yake na haki zake, na jamii inaweza kukosea naye akawa sahihi. Onyo hilo nalichukulia kwa uzito.

Lawama. Hapa inabidi nikae kidogo, kwa sababu Uganda imelibeba swali hili mpaka mahakama ya dunia.

Kwa Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, mtu wa ukoo mmoja akimuua wa ukoo mwingine, kosa haliishii mkononi mwake. Koo zote mbili huacha kula pamoja na kuoana, mpaka ukweli usemwe, fidia ilipwe na ukoo wa muuaji, kisha pande mbili zinywe mato oput. Mzizi mchungu wa mti wa oput husagwa ukachanganywa na pombe ya kienyeji, na wawakilishi wa pande mbili hupiga magoti wakainamia kibuyu kimoja. Uchungu huo wanaunywa wote, wa upande uliokosa na wa upande uliokosewa. Makubaliano ya Juba ya Juni 2007 kati ya serikali na waasi wa LRA yaliutaja utaratibu huu kwa jina miongoni mwa njia za kutafuta haki.

Sasa mweke Dominic Ongwen mbele ya mitazamo hii miwili. Alitekwa na LRA akiwa mtoto, njiani kwenda shule, akakulia msituni na kupanda cheo hadi kuwa kamanda. Februari 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague ilimtia hatiani kwa makosa 61, na Mei mwaka huohuo ikamhukumu kifungo cha miaka 25. Majaji waliutazama utoto wake, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutompa kifungo cha maisha. Ombi la upande wake kwamba taratibu za Kiacholi ziingizwe katika adhabu halikukubaliwa.

Mtazamo wa kwanza unasema: aliyetoa amri alikuwa mtu mzima mwenye akili zake, na waliokatwa, waliobakwa na waliochomewa nyumba wana haki ya kuona nafsi moja inajibu. Mtazamo wa pili unauliza: ni nani alimtengeneza? Waliomteka, ndiyo. Vipi kuhusu dola iliyoshindwa kumlinda mtoto njiani? Naona swali hilo la pili ni la haki, na naona pia kwamba haliwezi kuwa jibu kwa mwanamke aliyenyanyaswa naye. Mato oput ilitengenezwa kwa ajili ya koo mbili zitakazoendelea kuishi jirani. Kwa makosa yaliyogusa wilaya nzima, yaliyotendwa na watu ambao wengine wao hata koo zao hazijulikani, kibuyu kile kinaelemewa. Lakini The Hague nayo haiwafundishi majirani wa Gulu jinsi ya kusalimiana tena kisimani.

Msiba. Sijui mtazamo unaoshughulika na kifo kwa mikono kama huu. Buganda kuna mabugo: wanaokuja msibani huchangia, na mara nyingi mtu huketi na daftari akiandika jina na kiasi. Elfu tano. Elfu kumi. Mkungu wa matoke. Kuni. Kigezi na Ankole kuna vikundi vya engozi, ambavyo kazi yao ya asili ilikuwa kumbeba mgonjwa kwa machela mabegani, kupanda na kushuka milima hadi barabarani au hospitali, na kusaidiana kuzika. Halafu huja okwabya olumbe, sherehe ya kumaliza msiba. Mrithi huvikwa kitambaa cha gome la mti wa mutuba, akashikishwa mkuki, na kuanzia siku hiyo watoto wa marehemu humwita baba, hata kama ni mdogo wao wa kuzaliwa. Nafasi ya marehemu haikubaki wazi.

Mgeni anaweza kuona ni mchezo wa kuigiza. Mtazame mtoto wa miaka saba anayeambiwa mbele ya ukoo mzima "huyu ndiye baba yako, karo yako iko kwake" na utaelewa ni nini kinachookolewa pale.

Gharama. Wanaombeba mtu wanaweza pia kumwamulia. Jina la ukoo limetumika kumtoa mjane kwenye nyumba aliyoijenga, mpaka Katiba ya 1995 ikalazimika kupiga marufuku mila zinazovunja heshima ya mwanamke, na sheria ya urithi ikarekebishwa mwaka 2022. Na asiye na watu, mkimbizi aliyefika peke yake au mtoto aliyetupwa, mtazamo huu ukishikwa kwa ukali hauna mahali pa kumweka.

Unamfaa mwenye watu wazuri karibu yake, anayelea, anayeuguza, na anayejiona ameshindwa maisha kwa kuwa hana mafanikio ya kuonyesha yenye jina lake peke yake.

## Mtazamo wa tatu: vyote ni kimoja

Ushahidi. Huu hauishii kwenye ukoo. Unasema mpaka kati yako na mti, ziwa na nyota ni wa kuonekana tu. Katika Upanishadi, maandiko ya kale ya Uhindi, baba anamwambia mwanawe atie chumvi kwenye maji, kesho yake amtafutie ile chumvi. Haionekani, ila kila upande wa chombo ukionjwa ipo. Hivyo ndivyo uhai mmoja ulivyo ndani ya vyote, na wewe ndiwe huo. Shankara, mwalimu wa karne ya 8 hivi, aliujengea hoja ndefu. Kwa Waislamu, Ibn Arabi, aliyefariki mwaka 1240, anahusishwa na fundisho kwamba kuwepo kwa kweli ni kumoja tu, kwa Mungu. Baadaye Ahmad Sirhindi alirekebisha: anachokiona mja aliyezama katika zikri ni umoja wa anachoshuhudia, lakini Muumba anabaki Muumba na kiumbe kiumbe. Muislamu anayevutwa na mtazamo huu asiruke marekebisho hayo.

Ushahidi wa kawaida nao upo. Zaidi ya nusu ya uzito wa mtu mzima ni maji, na anayekunywa maji ya bomba Kampala anakunywa Ziwa Viktoria lililosafishwa. Bakteria walio mwilini mwetu wanakadiriwa kukaribia au kuzidi idadi ya chembe zetu wenyewe. Hayo yananifanya niheshimu ziwa kuliko hotuba yoyote. Lakini nikiwa mkweli, yanaonyesha kwamba miili inashirikiana vitu. Hayaonyeshi kwamba anayehisi ndani yangu ndiye anayehisi ndani yako. Kwa hilo mtazamo huu unategemea walioonja hali hiyo katika sala au tafakuri, na ushuhuda wao, ambao umetoka dini nyingi zisizofahamiana, sio wa kudharau.

Lawama. Ndipo unapoyumba. Ikiwa mpigaji na mpigwaji ni kimoja, nani anamdai nani? Watetezi wake hujibu kwamba anayejua hivyo hawezi kupiga. Kwa anayeujua kweli, sawa. Wengi wetu hatujafika.

Msiba. Mwaka 1948 sehemu ya majivu ya Mohandas Gandhi ilitiwa kwenye chanzo cha Nile pale Jinja, na sanamu yake ipo hapo leo. Maji hayo hupita Sudan na Misri hadi Mediterania. Anayesimama pale haulizi marehemu yuko wapi. Wapo wanaopata utulivu mkubwa katika hilo, hasa walio mwishoni mwa ugonjwa mrefu. Kwa aliyefiwa na mtoto wiki hii, naomba usimwambie.

Gharama. Kujivua madai yako, jambo ambalo ni zuri ukilichagua na ni ukatili ukilazimishwa. Mwanamke anayepigwa hahitaji kuambiwa yeye na mumewe ni kimoja.

Unamfaa mwenye mwalimu wa kweli na desturi ya sala, mwenye mali ya kutosha kuanza kuogopa kuipoteza, na anayepigania misitu na vinamasi akihitaji sababu iliyo ndani kuliko faida.

Wabudha wana jibu ambalo haliingii katika yote matatu. Kituo chao karibu na Entebbe kilianzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Kwao hakuna nafsi ya kudumu ya kutenganishwa wala ya kuunganishwa. Kuna mfululizo wa hisia, mawazo na matendo, kila kimoja kikitegemea kingine, na bado kila tendo huzaa matunda yake. Anayechoshwa na ubishi wote huu huenda akapumulia hapo.

## Kabla hujachagua

Jipime kwa jambo moja. Watu wengi hushika mtazamo wa pili wanapoomba na wa kwanza wanapoombwa. Ukoo ni mmoja siku ya kugawana shamba, na kila mtu ni kivyake siku ya kuuguza mzee. Mtazamo wowote kati ya hii unaheshimika ukiushika pia siku unapokugharimu.

Kama una mshahara mpya na simu hazikomi, anza na wa pili kuhesabu madeni ya kweli: nani alikulipia, nani alikulea. Yaandike. Kisha simama kwenye wa kwanza kwa yaliyobaki. Kukataa kumpa anayetaka tu hakukutoi katika ukoo.

Kama umefiwa, usichague mtazamo wowote sasa. Waache watu waje, daftari liandikwe, matoke yapikwe. Swali litakungoja.

Kama umekosewa, tangulia na wa kwanza mpaka kosa litajwe kwa jina la aliyelitenda, polisi, baraza la LC (serikali ya mtaa) au mbele ya wazee. Kuuliza nani alimtengeneza mkosaji ni kazi njema, lakini asikulazimishe mtu kuifanya kabla hujapata haki yako. Na kama wewe ndiye uliyekosa, fuata mpangilio huohuo: kiri kwanza, historia yako baadaye.

Kama unabeba aibu ya mzazi au ya kabila, wa kwanza, bila kusita.

Kama wewe ni Mkristo au Muislamu na unaogopa kuiacha imani yako, jua kwamba mafundisho yenu yana hukumu ya mmojammoja na mwili mmoja vyote pamoja. Wa tatu uende nao taratibu, pamoja na mwalimu unayemwamini.

Kama unaishi mbali na kwenu, Dubai au London au hata Kampala tu, na hakuna anayejua ukoo wako, wa pili utakudai uutafutie watu: msikiti, kanisa, kikundi cha kuweka na kukopa, jirani. Bila hivyo mtazamo huo utabaki kumbukumbu tu.

Na kama unamwamulia mwingine, mgonjwa aliye kitandani, binti aliyepata mchumba, mzee ambaye watoto wake wanabishana atazikwa wapi, anza kwa kumuuliza yeye mwenyewe, wengine wote wakiwa nje ya chumba. Akishajibu, waite waingie.